Upande mmoja wa risiva umekufa: njia nne za kuifufua ukiwa Dodoma

Ukiwa na risiva (redio na amplifaya ya stereo katika kasha moja) ya miaka ya 1970, iwe Pioneer, Marantz, Sansui au Kenwood, ugonjwa utakaokutana nao mara nyingi kuliko mwingine ni huu: upande mmoja hausemi. Au unasema kwa kukoroma. Au unakaa kimya mpaka upandishe sauti majirani wasikie, ndipo unaamka.

Ukiuliza watu hapa Dodoma utapewa majibu manne. Mmoja atasema ipulizie kontakti klina, dawa ya kusafishia mawasiliano ya umeme. Wa pili atakuelekeza kwa fundi wake pale Majengo. Wa tatu ataapa kwamba mashine hizo mkoani hakuna anayeziweza, ipeleke Dar. Wa nne, mara nyingi kijana, atakwambia chomeka amplifaya ndogo pembeni yake mambo yaishe. Yupo na wa tano, anayesema tupa, nunua sabufa. Huyo tumwache.

Wote wanne wanaweza kuwa sahihi, maana kila mmoja anaongelea ugonjwa tofauti. Ndiyo maana mabishano yao hayaishi.

## Nimezipima kwa vigezo gani

Njia zote nimezipitisha kwenye mambo manne yaleyale. Fedha, na hapa siangalii bei ya kuanzia tu, bali inaweza kupanda mpaka wapi kabla hujaamua kuacha. Muda, kuanzia siku risiva inapotoka kabatini hadi siku inaporudi. Hatari, kwako wewe, kwa spika zako na kwa mashine yenyewe. Na kinachobaki, yaani sauti itakuwaje na risiva itakuwa bado ni ileile kwa kiasi gani, kwa sababu yapo matengenezo unayoweza kuyarudisha nyuma na yapo ambayo hayarudi.

Lakini vigezo hivyo havina kazi kama hujui hitilafu imekaa wapi. Kuchagua fundi kabla ya kujua hilo ni kucheza bahati nasibu, kwa hiyo tuanze huko.

## Kabla ya kuchagua: imefia wapi?

Stereo ina bahati ambayo redio ya spika moja haina. Ndani yake kuna saketi mbili zinazofanana, na moja bado nzima. Kila utakachokipima upande mgonjwa una cha kukilinganisha nacho upande wa pili. Fundi asiye na mchoro wa saketi anaweza kufika mbali kwa kulinganisha kushoto na kulia tu, na wewe usiye fundi unaweza kufanya nusu ya kazi hiyo bila kufungua skrubu hata moja.

Tazama kwanza nyuma ya risiva imeandikwa volti ngapi. Umeme wetu ni volti 230. Risiva zilizouzwa Japani zilitengenezwa kwa volti 100, za Marekani kwa 120, na hizo zinahitaji transfoma ya kushusha. Zilizouzwa nchi nyingi huwa na swichi ya kuchagulia. Kama ina 220 na 240, mimi huiweka 240. Dalili nyingine ya mashine ya soko la Japani ni mizani ya FM inayoishia 90, kwa kuwa kule FM yao ya zamani ilianzia 76. Redio nyingi za kwetu huzipati humo hata iwe nzima kiasi gani.

Sasa zima, kisha hamisha waya za spika: ya kushoto iende kulia, ya kulia ije kushoto. Washa. Spika ileile ikiendelea kuwa bubu, risiva haina kosa, angalia spika au waya wake. Ikisema, na ile ya pili ndiyo ikawa bubu, ni risiva au kinachoiingizia sauti. Zima tena, sasa badilisha waya za RCA zinazotoka kwenye simu, deki au kicheza CD, nyekundu kwa nyeupe. Tatizo likihama, lawama ni ya waya au ya chombo hicho. Jaribu pia redio yenyewe, FM na AM. AM ni mono, pande zote mbili zinapewa kitu kilekile, kwa hiyo ni kipimo kizuri cha bure.

Swichi ambayo watu huisahau ni ile ya MONO. Ibonyeze. Upande uliokufa ukifufuka, maana yake hitilafu iko kabla ya swichi hiyo, na amplifaya kubwa ya mwisho, inayosukuma spika, ni nzima. Ukiendelea kuwa kimya, hitilafu iko baada yake. Sekunde tano za kubonyeza swichi zimekwisha kukuondolea nusu ya mashine kwenye orodha ya washukiwa.

Endelea na TAPE MONITOR, swichi ya kusikilizia deki: ibonyeze na kuiachia mara nyingi. Swichi hiyo inaweza kukaa miaka bila kuguswa, inajitia kutu laini ndani, na inaua upande mmoja kimyakimya. Kisha headphone. Zikisikika pande zote mbili wakati spika moja ni bubu, mara nyingi ni swichi ya spika A/B au rilei, swichi inayojifunga yenyewe kwa umeme kuunganisha spika. Kama nyuma kuna PRE OUT (tundu za kutolea sauti kabla ya amplifaya ya mwisho) na MAIN IN (za kuiingiza humo) zilizounganishwa na vipande vya chuma vyenye umbo la U, zima, shusha sauti hadi sifuri, vitoe na uvisafishe, halafu tumia waya wa RCA kupeleka PRE OUT ya upande mzima kwenye MAIN IN ya upande mgonjwa. Mgonjwa akisema, amplifaya yake ya mwisho ni nzima na ubovu uko huku mbele, kwenye hatua za toni na swichi. Akikaa kimya, ubovu uko kwenye amplifaya ya mwisho au kwenye mawasiliano yanayoelekea spika.

Sikiliza na tabia. Kukwaruza ukizungusha nobu ni uchafu kwenye potenshiometa, kipuri kinachozungushwa na nobu hiyo. Sauti inayorudi ukiipandisha kwa nguvu kisha ikabaki ni mawasiliano machafu, hasa ya rilei. Sauti hafifu iliyopasuka, isiyobadilika ukigusa chochote, ni transista, kapasita au resista iliyokufa. Fyuzi inayokatika kila ukiirudishia mara nyingi ni transista za mwisho zilizopiga shoti.

Na ule mlio wa "ta!" sekunde chache baada ya kuwasha? Hiyo ni rilei ya kinga inaunganisha spika. Risiva nyingi zina rilei moja inayohudumia pande zote mbili, na upande mmoja ukitoa umeme wa DC (mnyoofu kama wa betri, unaounguza spika), rilei inakataa kufunga na pande zote zinanyamaza. Kwa hiyo ukiisikia imelia na upande mmoja tu ndio bubu, una sababu ya kutumaini ugonjwa mdogo. Hakikisha kwa mita: spika zikiwa zimetolewa, sauti sifuri, mashine imewaka dakika kumi, pima DC kwenye tundu za spika. Chini ya milivolti 50 ni salama. Ukiona volti nzima, usirudishe spika.

## Njia ya kwanza: kusafisha mwenyewe

Dodoma ina kiangazi kirefu, mvua huja kati ya Desemba na Aprili na miezi iliyobaki ni upepo na vumbi. Vumbi hilo linaingia kwenye matundu ya juu ya risiva, linakaa kwenye potenshiometa na swichi, na linafanya kazi ambayo watu wanadhani imefanywa na uzee. Heri yetu ni kwamba hewa ni kavu. Mashine iliyoishi Tanga au Dar unaifungua unakuta kutu imekwisha kula miguu ya vipuri. Ya hapa mara nyingi ni chafu lakini haijaoza.

Fedha. Kopo la kontakti klina na brashi laini. Bei inaishia hapo, haipandi.

Muda. Alasiri moja, pamoja na kusubiri ikauke.

Hatari. Kwako, ipo. Kapasita kubwa za umeme zinabaki na chaji hata plagi ikiwa imetolewa, na katika risiva zenye nguvu kila moja inaweza kuwa na volti hamsini na ushee. Chomoa, subiri, kisha pima kwa mita kabla ya kuingiza mkono. Kama chaji ipo, itoe kwa resista ya kilo-ohm moja ya wati 5 kwa dakika moja hivi, si kwa bisibisi inayorusha cheche. Kwa mashine, hatari inatokana na unachopulizia. WD-40 si kontakti klina. Petroli na thina zinayeyusha plastiki. Kompresa ya gereji inapuliza maji na oili pamoja na hewa, na inavunja nyuzi nyembamba za mizani ya stesheni. Tumia brashi kwanza, vumbi litoke, ndipo upulizie kidogo kwenye tundu la potenshiometa na kuizungusha mwanzo hadi mwisho mara ishirini au thelathini. Swichi nazo zibonyeze hivyohivyo. Rilei yenye mfuniko unaofunguka isafishe kwa kuvuta kipande cha karatasi nyeupe kilicholowa alkoholi ya isopropili katikati ya mawasiliano yake. Msasa usiuguse, unakwangua ngozi ya fedha iliyomo na baada ya miezi michache tatizo linarudi likiwa kubwa zaidi.

Kinachobaki. Mashine yote, kama ilivyotoka kiwandani. Hakuna njia inayoiheshimu risiva kuliko hii. Udhaifu wake ni kwamba haitibu kilichokufa: transista iliyoungua haifufuki kwa dawa ya kupulizia, hata ukimaliza kopo.

Inamfaa yule ambaye upande wake unakuja na kuondoka, unaitikia ukigusa nobu au swichi, na mwenye mkono mtulivu.

## Njia ya pili: fundi wa hapahapa

Watu wanawadharau mafundi wa Majengo na Sabasaba kwa sababu meza zao zimejaa TV na sabufa. Mimi siwadharau. Fundi anayetengeneza amplifaya za makanisani na za sherehe anaijua hatua ya mwisho ya amplifaya kuliko mtu yeyote, kwa kuwa ndiyo inayoungua kila Jumamosi. Na amplifaya ya mwisho ya risiva ya 1976 haina siri kubwa kwake: transista za mwisho, za kuzisukuma, na jozi ya mbele inayolinganisha.

Fedha. Ya wastani, lakini inaweza kukimbia. Kubaliana kabisa kwamba kuna bei ya kupima na kuna bei ya kutengeneza, na kwamba spea zinalipwa mbali baada ya wewe kukubali. Ukisema tu "fundi, itengeneze," umempa hundi tupu.

Muda. Kama spea iko mezani, siku hiyohiyo. Kama haipo, anaagiza Kariakoo inapandishwa basi, kesho au keshokutwa iko stendi ya Nzuguni.

Hatari. Hapa ndipo pa kukaa macho. Mazoea ya meza yenye wateja wengi ni kubadilisha kinachoshukiwa kwa kilichopo kwenye boksi. Transista za 2SC5200 na 2SA1943 zimejaa kila duka, na feki zake nazo zimejaa. Halisi zinapiga kazi vizuri, ila zina umbo la plastiki bapa wakati risiva nyingi za zamani zilitumia za chuma zenye umbo la yai, kwa hiyo kuzifunga kunataka akili kwenye kupooza. Tena zina kasi kuliko zile za zamani, na saketi ya zamani inaweza kuanza kutetemeka kwa masafa usiyoyasikia huku ikichemka. Fundi mzuri anabadilisha jozi nzima, halafu anarekebisha umeme wa utulivu, yaani unaopita kwenye transista hizo hata kabla ya sauti kuingia, kwa kupima milivolti chache kwenye resista za emita na kuzilinganisha na upande mzima.

Kaa naye kama anaruhusu, na uliza kwa adabu: "Fundi, naomba unioneshe volti za upande mzima na za huu mbovu kabla hujatoa kitu." Anayejua kazi atafurahi kuulizwa. Mwulize pia kama atawasha mara ya kwanza kupitia balbu. Ni mbinu ya zamani: balbu ya waya ya wati 60 au 100, siyo ya LED, inafungwa kwa mfululizo na waya wa umeme. Kukiwa na shoti balbu inawaka kwa nguvu na transista mpya zinapona. Kukiwa shwari inawaka kidogo kisha inafifia. Omba vipuri vya zamani urudishiwe. Na usiondoke bila kuona kipimo cha DC kwenye tundu za spika, pande zote mbili.

Kuna risiva zenye aisii ya pamoja ya STK, kipande kimoja chenye transista kadhaa ndani, badala ya transista moja moja. Pioneer SX-780 ni mojawapo. Hizo ni mtihani mwingine. STK feki ni nyingi mno, nyingine zinakufa siku ya kwanza, nyingine zinasubiri mwezi. Usimlaumu fundi kabla hujauliza ameipata wapi.

Kinachobaki. Inategemea mikono. Ukipata fundi mpole unarudi na mashine ileile yenye vipuri viwili vitatu vipya. Ukimpata mwenye haraka, utakuta njia za bodi zimebanduka kwa moto wa pasi ya kulehemu, na fundi atakayefuata atakuwa na kazi mbili.

Inamfaa mwenye risiva ya nguvu ya kawaida, ambayo vipimo vya awali vimeonesha ubovu uko kwenye amplifaya ya mwisho.

## Njia ya tatu: kuisafirisha Dar

Wanaosema Dodoma hakuna fundi wanatia chumvi, lakini wana hoja. Dar kuna soko kubwa la spea, na kuna wazee waliozitengeneza mashine hizi zikiwa bado mpya dukani. Wapo wenye oskiloskopu, chombo kinachoonesha sauti inapasukia hatua ipi, na hicho huwezi kukidai kwenye kila meza ya mkoani. Kinapohitajika ni pale ambapo ubovu uko kwenye hatua za mbele: mlio wa "shhh" au wa kupasukapasuka unaoendelea hata sauti ikiwa sifuri, au transista ndogo iliyozeeka. 2SA726, kwa mfano, ilitumika sana na inajulikana kwa kuanza kelele ikizeeka. Haifi, inalalamika tu, na mita ya kawaida haiwezi kuikamata.

Fedha. Ndiyo njia ghali kuliko zote: nauli ya mzigo au yako, gharama ya fundi, spea, na pengine safari ya pili. Na bei huongezeka ukiambiwa "tubadilishe kapasita zote." Nina msimamo hapa. Kubadilisha kapasita kwa kuwa tu ni za zamani, kwenye upande unaofanya kazi vizuri, ni kutafuta makosa mapya: moja ikigeuzwa hasi kwa chanya, una ubovu ambao haukuwepo. Bora zibadilishwe zilizopimwa zikaonekana mbovu, pamoja na pacha zake wa upande wa pili ili sauti zilingane, ziwe za nyuzijoto 105 na volti sawa na za awali au zaidi. Ukarabati mzima una haki yake kwa mashine unayotaka ikae miaka mingine ishirini. Ila ujue unanunua ukarabati, si tiba ya upande mmoja.

Muda. Wiki, na "njoo Jumatatu" nyingi. Tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024, kwenda na kurudi siku hiyohiyo kumewezekana, jambo linalosaidia sana kama unataka kumwona fundi uso kwa uso. Mashine yenyewe lakini haina haraka hiyo.

Hatari. Ya ufundi ni ndogo, ya barabarani ni kubwa. Transfoma ina sehemu kubwa ya uzito wa risiva, mara nyingi imekaa upande mmoja, na mashine ikidondoka kidogo tu inapinda sakafu na kupasua bodi. Pioneer SX-1250 ina karibu kilo 30. Mzigo kama huo usiutupe kwenye buti la basi pamoja na magunia. Ifunge sponji ya godoro pande zote, nobu zisiguse boksi, na kioo cha mizani kiangalie ndani. Piga picha za ndani kabla haijaondoka, ikirudi utajua kilichobadilishwa.

Kinachobaki. Kama fundi ndiye, unapata sauti bora kuliko ya njia nyingine yoyote, na mashine inabaki na asili yake. Mwombe orodha ya alichobadilisha, uibandike ndani ya mfuniko. Atakayeifungua baada yako atakushukuru.

Inamfaa mwenye mashine kubwa, au ya urithi, au ambayo ubovu wake umewashinda wawili hapa mjini.

## Njia ya nne: amplifaya ndogo pembeni

Kijana wetu hakukosea. Bodi ndogo za kisasa, kwa mfano zinazotumia chipu ya TPA3116D2, zinatoa wati nyingi kutoka kwenye kitu kinachoingia mfukoni, kwa adapta ya volti 24 hivi. Unachukua mawimbi kwenye PRE OUT ya risiva, unayapeleka huko, spika zinahamia kwenye bodi. Redio, toni, taa ya mizani, nobu nzito ya alumini, vyote unaendelea kuvitumia.

Fedha. Kidogo, na unaijua mapema.

Muda. Ukishakuwa na bodi mkononi, saa moja.

Hatari. Ndogo, kwa masharti. Chipu hizi zinaisukuma spika kutoka pande zake zote mbili, kwa hiyo waya hasi wa kushoto na wa kulia visiunganishwe pamoja wala kugusa chasisi. Risiva isiyo na PRE OUT italazimisha kutumia TAPE OUT, ambako nobu ya sauti na ya toni hazifiki. Utatumia nobu ya bodi. Na hii ndiyo sababu ya kufanya lile jaribio la PRE OUT mwanzoni: kama ubovu uko huku mbele, amplifaya mpya itaukuza ukimya uleule.

Wapo wanaotoboa na kung'oa amplifaya ya zamani ili bodi ikae ndani. Sipendi. Ikiwa pembeni, siku ukipata fundi unachomoa waya mbili na mashine iko kamili. Ukishaing'oa, umebaki na kasha.

Kinachobaki. Sauti safi, ila si ile. Mwenye masikio yaliyolelewa na Marantz atasikia tofauti, mwingine hataisikia kabisa, na wote wana haki. Mashine yenyewe haijaguswa.

Inamfaa asiye na haraka ya kutengeneza lakini mwenye haraka ya kusikiliza.

## Kulingana na hali yako

Sauti inakatika na kurudi ukigusa nobu au ukiipandisha: safisha kwanza, hata kama umeshaamua kuipeleka kwa fundi. Ikirudia baada ya wiki chache, potenshiometa au rilei imechakaa na inataka kubadilishwa, kazi ambayo fundi wa hapa anaimudu vizuri.

Upande umekufa kabisa, MONO haikuufufua, na ni risiva ya wati 20 hadi 45 yenye transista: fundi wa Dodoma, kwa makubaliano ya kupima kwanza. Ikiwa ni ya STK, uliza aisii itatoka wapi. Jibu likiwa la kubabaisha, njia ya nne itakufaa zaidi mpaka upate ya kuaminika.

Fyuzi inakatika: usiweke kubwa zaidi, na waya wa shaba usiufikirie. Nenda kwa fundi mwenye balbu ya majaribio, awe wa hapa au wa Dar.

Ni ya marehemu baba, hutaiuza, na nyumbani mnataka ilie tena kama zamani: weka akiba ya Dar. Wakati unasubiri, iache bila umeme, funika kitambaa.

Una sherehe Jumamosi na leo ni Alhamisi: amplifaya ndogo pembeni, au azima ya jirani. Kumharakisha fundi siku mbili kabla ya shughuli ndiko kunakozaa mikono ya haraka niliyoitaja.

Unaikuta kwa mwuza mitumba na bado hujalipa: nenda na spika mbili ndogo, simu yenye muziki, na waya wa RCA. Fanya majaribio ya mwanzo palepale. Mwuzaji akikataa kuiwasha, iwekee bei ya mashine mbovu, kwa kuwa ndivyo utakavyokuwa unainunua.

Na kama FM, simu na deki zote zinalia pande mbili, ila santuri tu ndiyo inalia upande mmoja, usichague njia hata moja kati ya hizi nne kwa sasa. Angalia waya nne nyembamba nyuma ya kichwa cha sindano: nyeupe na bluu ni za kushoto, nyekundu na kijani za kulia. Mojawapo ikiwa imelegea kwenye pini yake, ibane taratibu kwa kibanio.